SOMO LA FAMILIA: VINAVYOLIWA NA VINAVYOBAKI



Somo letu la mwezi huu limetokana na swali. Katika mafundisho ya Kipaimara binti mmoja alimngoja katekista mpaka wenzake walipokwisha kutoka, ndipo akamwuliza, "Baba, mtu akikaa na mwenzake na ndoa bado, je, yampasa kulipa nusu ya kodi ya chumba?" Katekista akamjibu kwamba yawapasa kwanza kufunga ndoa. Binti akaitikia, "Ndiyo, baba," akaenda zake. Swali lake likabaki pale pale.

Katekista hakukosea. Kanisa letu halina mafundisho mawili juu ya jambo hili, na wanaokaa kinyumba bila ndoa wanajua kwa nini hawakaribii Meza ya Bwana. Lakini yule binti hakuuliza juu ya ndoa. Aliuliza juu ya fedha. Kodi ya chumba itadaiwa mwisho wa mwezi, ndoa iwe imefungwa au haijafungwa. Unga utakwisha, mkaa utakwisha, na mtu fulani atatoa fedha. Katika mitaa ya parishi zetu nyumba za namna hii ni nyingi, nasi tunazijua kwa majina. Wengine wamo humo mwaka mmoja, wengine wana watoto watatu. Tukikaa kimya juu ya haki ndani ya nyumba hizo kwa sababu hazijabarikiwa, yule mwenye nguvu ndiye atakayefaidika na kimya chetu.

Basi tujifunze pamoja. Somo hili lawafaa hata walio katika ndoa takatifu, kwa maana kosa tutakalolieleza limo katika nyumba zao pia.

1. JAMBO HILI SI GENI TABORA

Mji wetu ulikua kwa miguu ya wasafiri. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wake wa kilo 30 hivi. Wanawake nao walikuwamo safarini. Wengine walikuwa wake waliotolewa mahari, wengine walikutana na wenzi wao njiani. Walibeba vyungu na mikeka, wakachota maji, wakatafuta kuni, wakapika. Wala tusiwasahau wale waliopita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa, ambao hakuna aliyewauliza wapenda nini.

Mpagazi alipewa posho, yaani kitambaa au shanga za kununulia chakula njiani. Neno hilo tunalo mpaka leo. Jioni wapagazi walikaa makundi madogo madogo: huyu alete kuni, huyu maji, huyu ajenge kibanda, kisha wale chungu kimoja. Katika kundi la namna hiyo kila mtu alijua nani ametoa nini. Lakini safari ilipokwisha, ujira mara nyingi ulilipwa kwa yule aliyehesabiwa mzigo. Mwanamke aliyempikia miezi mitatu hakuwamo katika hesabu.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, watu wa makabila mengi walikutana hapa tena. Leo wapo madereva, vibarua, walimu wapya, wauza duka na wanunuzi wa tumbaku. Mambo yamebadilika, lakini asili ya shida ni ile ile. Watu wawili wanakutana mbali na kwao. Hakuna mshenga, hakuna shangazi wa kuuliza maswali, hakuna mzee wa kusema, "Mimi nilikuwapo walipopatana." Wanaanza kwa kusaidiana kodi, na baada ya mwaka wana nyumba.

Hata wazee wa Unyamwezi hawakuchanganya mambo haya. Muungano wenye mahari ulikuwa na hesabu yake, na usio na mahari ulikuwa na hesabu yake. Pasipo mahari, watoto walihesabiwa upande wa ukoo wa mama yao mpaka baba atakapowakomboa. Hatusemi kwamba turudie desturi hiyo. Twasema tu kwamba wazee walijua kuwa watu hawawezi kukaa pamoja pasipo hesabu. Hesabu isiposemwa mapema, itasemwa siku ya ugomvi.

2. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Tuseme kijana na binti wanakaa pamoja katika kijiji kimoja upande wa Sikonge. Hawakufunga ndoa. Walisema, "Tutafunga tukiuza tumbaku." Mwaka ule bei haikuwa nzuri, wakasema, "Mwakani."

Walipatana vizuri, wala hawakugombana juu ya fedha. Mwanamume alisema, "Mimi nitashughulika na mambo makubwa, wewe mwenzangu shughulika na chakula." Mwanamke akaona ni sawa. Akalima karanga na mahindi, akauza maandazi barabarani. Fedha yake ikanunua chumvi, sabuni, mafuta, dagaa, daftari za watoto na dawa za homa. Katika tumbaku pia alikuwamo tangu kitaluni. Alimwagilia miche, akahamishia shambani mvua zilipoanza, akavuna, akakesha kwenye bani kuangalia moto, akapanga madaraja. Marobota yalipopelekwa kwenye chama cha msingi yalipokelewa kwa jina la mwanachama, naye ni mwanamume. Deni la pembejeo likakatwa, fedha iliyobaki ikaingia katika akaunti yake. Kwa fedha hiyo akachoma tofali, akanunua mabati, kisha pikipiki.

Baada ya miaka sita wakafarakana. Mwanamke alipouliza juu ya nyumba, mwanamume akamjibu mbele ya majirani, "Mama watoto, hebu nionyeshe bati lako katika paa hili."

Hakuweza kuonyesha. Bati lake lilikwisha kuliwa. Lilikuwa ni ugali wa miaka sita, ni sabuni, ni dawa. Aliondoka na mkeka, sufuria mbili na mtoto mdogo mgongoni.

Wapendwa, tulitazame neno hili vizuri, maana ndilo kiini cha somo letu. Huyu mwanamume hakuiba mkoba wa mtu. Kila mmoja alitoa, na pengine walitoa sawasawa. Lakini mmoja alinunua vinavyoliwa, na mwingine alinunua vinavyobaki. Siku ya kuachana, vinavyoliwa havionekani, na vinavyobaki vina jina la mtu mmoja. Mwanamume asingalinunua bati hata moja kama ingempasa kununua unga. Kwa hiyo kila bati katika paa lile lilinunuliwa na wote wawili, ila risiti ilikuwa na jina moja.

Mara nyingi anayenunua vinavyoliwa ni mwanamke, lakini si sikuzote. Wako vijana wanaolipa kodi na chakula mwaka mzima, huku mwenzi akinunua kiwanja kwa jina la kaka yake. Haki haichagui.

3. MAANDIKO YATUFUNDISHA NINI

Someni kwa utulivu nyumbani mafungu haya manne.

Yakobo 5:4 lasema juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa kwa hila, na jinsi kilio chao kilivyomfikia Bwana. Mtume hakuuliza kwanza kama wavunaji wale walikuwa watu wema. Aliuliza kama wamelipwa.

Mwanzo 31:14-16 twawasikia Raheli na Lea wakilalamika kwamba baba yao aliwauza, kisha akaila fedha yao. Wanawake hawa walijua hesabu vizuri. Walijua kazi iliyofanywa, na nani aliyekula matunda yake.

Luka 14:28-30 Bwana wetu asema juu ya mtu atakaye kujenga mnara: yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Angalieni neno "kuketi". Hesabu ya nyumba haifanywi kwa kusimama mlangoni wala kwa hasira.

Yohana 4:16-18 Bwana alimwambia mwanamke Msamaria waziwazi kwamba yule aliye naye si mume wake. Hakuificha kweli, lakini pia hakuondoka kisimani. Aliendelea kusema naye. Hii ndiyo njia yetu pia: kweli isemwe, na mtu asiachwe peke yake.

4. SHERIA YA NCHI YASEMA NINI

Watu wengi husema kwamba mkikaa pamoja miezi sita mmekuwa mke na mume. Hilo si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, yasema hivi katika kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wamekaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, itakuwapo dhana kwamba wameoana. Neno "dhana" lina uzito. Maana yake mahakama itaanza kwa kudhani hivyo, lakini mtu aweza kuleta ushahidi wa kuivunja. Kwa mfano, ikionekana kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa halali ya mke mmoja mahali pengine, dhana hiyo yavunjika. Hata ikivunjika, sheria yampa mwanamke nafasi ya kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa, na mahakama yaweza kumpa nafuu nyingine kama ilivyoelezwa katika sheria hiyo.

Tena, mahakama inapogawa mali iliyochumwa kwa pamoja, kifungu cha 114 chaiagiza iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Je, kupika na kulea watoto ni kazi? Mahakama ya Rufani ilijibu swali hilo mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na jopo la Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Uamuzi huo hutajwa mahakamani mpaka leo.

Lakini tusome kesi hiyo mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu katika nyumba aliyoidai. Mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na Mahakama ikaona kwamba fedha hizo zilitumiwa ovyo, basi sehemu yake ikahesabiwa kuwa imekwisha humo. Twajifunza mambo mawili. Kwanza, jasho la jikoni lina thamani mbele ya sheria. Pili, pasipo hesabu hata mwenye haki aweza kutoka mikono mitupu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa watoto, sheria haina mashaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawataka wazazi wamtunze mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Msitegemee sana mahakama, ndugu zangu. Mahakama iko mbali, kesi huchukua muda, na mashahidi huhama. Nalo jambo gumu kuliko yote ni kifo. Mwanamume akifa, ndugu zake huja kutoka mbali, nao hawajui mwanamke yule alikesha usiku mangapi kwenye bani. Katika kikao cha ukoo ataulizwa, "Wewe ni nani wake?" Mwenye cheti cha ndoa hujibu kwa karatasi moja. Asiye na cheti itamlazimu kuthibitisha maisha yake yote.

5. NAMNA YA KUPANGA GHARAMA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mambo matano yafuatayo yawezekana hata katika nyumba ya chumba kimoja.

(a) Ketini na mseme mapato. Kila mmoja aseme anapata kiasi gani, na ana mizigo gani nje ya nyumba: mama mgonjwa, ada ya mdogo wake, deni. Asiyetaka kusema mapato yake kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja, amekwisha kusema jambo kubwa.

(b) Gawaneni kwa uwezo, si kwa nusu. Nusu kwa nusu yasikika kama haki, lakini tazameni. Tuseme mwanamume anapata shilingi 300,000 kwa mwezi, na mwanamke anauza vitumbua na kubakiwa na faida ya shilingi 100,000. Kodi, chakula, mkaa, maji na umeme ni shilingi 200,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja atoe 100,000. Mwanamke habaki na hata senti, na mwanamume anabaki na 200,000. Wakigawana kwa uwezo, mapato yao yote ni 400,000, na gharama ni nusu ya mapato hayo. Basi kila mmoja atoe nusu ya alichonacho: mwanamume 150,000, mwanamke 50,000. Huyu anabaki na 150,000, yule anabaki na 50,000. Wote wawili wametoa, na wote wawili wamebakiwa na kitu. Kama mwanamke ndiye mwenye mshahara mkubwa, hesabu ni ile ile.

(c) Kila mmoja atie mkono katika vinavyoliwa na katika vinavyobaki. Hii ndiyo kanuni kubwa ya somo. Msigawane kwa vitu, kwamba huyu anunue chakula na yule ajenge. Tieni fedha ya nyumba mahali pamoja, iwe ni kopo au simu, na kutoka hapo nunueni unga, na kutoka hapo hapo nunueni bati. Katika chumba cha kupanga, vinavyoliwa ni kodi, umeme, mkaa na chakula. Vinavyobaki ni kitanda, godoro, jiko la gesi, cherehani, baiskeli, kiwanja. Mwisho wa mwaka jiulizeni: tukiachana leo, au mmoja akifa leo, mwingine atakuwa na nini?

(d) Kazi ihesabiwe. Anayeamka saa kumi alfajiri kuchota maji, akapika, akafua, akalea, ametoa mchango kabla hajatoa shilingi. Mkitaka kujua thamani yake, ulizeni msichana wa kazi hulipwa kiasi gani, mpishi wa mgahawa hulipwa kiasi gani. Vivyo hivyo kazi ya shambani. Tumbaku ikiuzwa, yafaa wote wawili waende pamoja kuona stakabadhi, na mgawo ufanyike kabla fedha haijafika mjini. Na pale inapowezekana, mwanamke naye ajiandikishe uanachama katika chama cha msingi kwa jina lake.

(e) Andikeni, na awepo shahidi. Nunueni daftari moja. Andikeni tarehe, kitu, bei, na kila mmoja ametoa kiasi gani. Risiti ya kitu kikubwa iwe na majina mawili. Hati ya kiwanja na mkataba wa pango viwe na majina mawili. Fedha ikitumwa kwa simu, ule ujumbe usifutwe, maana nao ni ushahidi. Kisha mtafute mtu mzima mmoja wa upande huu na mmoja wa upande huu wajue mapatano yenu. Wako watakaosema, "Kuandika ni kutoaminiana." Sivyo. Kanisa huandika ubatizo, huandika sadaka, wala hatuwahesabu watunza hazina wetu kuwa wezi. Twaandika ili wapendanao wasije wakakosana kwa kusahau.

6. NDOA ISINGOJE SHEREHE

Baada ya hayo yote, twarudi kwenye jibu la katekista, maana sasa tunaweza kulisema vizuri zaidi. Ndoa ndiyo daftari kubwa kuliko yote, na mashahidi wake ni kusanyiko zima. Matangazo husomwa ili kila mtu ajue. Pete, sahihi na cheti vyote vyasema jambo moja: hawa wawili, mali yao na taabu yao, wamejulikana.

Kwa nini basi vijana wengi wanachelewa? Tuwasikilize. Wengi husema mambo mawili: mahari na sherehe.

Juu ya mahari, wazazi tujihoji. Baba anayedai ng'ombe ambao kijana hana, na wakati huo huo anamwona binti yake akizaa watoto bila ndoa, analinda heshima gani? Sheria ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama desturi ya mahari haijatimizwa. Mahari yaweza kulipwa kidogo kidogo, kwa maneno ya heshima kati ya wakwe. Shemeji na wajomba wasiligeuze kuwa soko.

Juu ya sherehe, ibada ya ndoa haidai ukumbi, wala gari la maua, wala kamati ya michango ya miezi minne. Yadai bwana na bibi, mashahidi, kasisi na cheti. Wako waliofunga ndoa kwa mavazi yao safi ya Jumapili, wakala pilau nyumbani na jirani kumi, na ndoa zao zasimama. Na wako waliokopa kwa ajili ya sherehe, kisha wakaanza maisha wakigombania deni. Kama mna fedha ya mabati au ya sherehe, lakini si ya vyote viwili, funga ndoa na mnunue mabati.

Na kama mmoja hataki kabisa kufunga ndoa, na asema hivyo baada ya miaka, yafaa mwenzake alijue hilo mapema. Kuachana kwa haki, kila mtu na sehemu yake na watoto wakitunzwa, ni afadhali kuliko kungoja ahadi mpaka nguvu ziishe. Asiye na pa kuanzia aende kwa kasisi, kwa baraza la usuluhishi wa ndoa, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

7. WAJIBU WETU SISI WENGINE

Wazee wa kanisa, mkiingia katika nyumba za namna hii msianze kwa kukemea na kumaliza kwa kukemea. Ulizeni pia, "Chakula hiki kanunua nani? Kiwanja hiki kimeandikwa jina la nani?" Akina mama wa vikundi vyetu, mfundisheni binti kuweka akiba kwa jina lake kabla hajahama kwao. Wazazi, msiufunge mlango. Binti anayejua kwamba kwao hapokelewi huvumilia mambo ambayo asingaliyavumilia.

Sasa tumjibu yule binti aliyemngoja katekista. Binti yetu, nusu si lazima. Toa kwa kadiri ya upatacho, naye mwenzako vivyo hivyo. Usikubali fedha yako yote iwe ya kula na fedha yake yote iwe ya kujenga. Nunua daftari. Mwite shangazi yako ajue unapokaa. Kisha mwulize mwenzako tarehe, si mwaka. Na akiitaja, njooni wote wawili kwa kasisi ili matangazo yaanze kusomwa. Mlango uko wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani hununua vinavyoliwa na nani hununua vinavyobaki? Mliwahi kukaa na kuyasema hayo?

2. Nyumba, kiwanja na vyombo vikubwa vya nyumbani kwenu vina majina ya nani?

3. Katika mtaa wenu, ni jambo gani linalowazuia zaidi vijana kufunga ndoa: mahari, sherehe, au jingine? Ninyi mwaweza kuliondoa kwa kiasi gani?

4. Mwanamke wa mfano wetu akija kwako leo na mkeka wake na mtoto mgongoni, utamwambia neno gani la kwanza?

Bwana atupe macho ya kuiona kazi ya wenzetu, hata ile iliyokwisha kuliwa. Amina.